Madigadi Yaliyoinamia Upande wa Cheni

Inatangazwa kwa umma, kwa heshima na taadhima zote, kwamba marehemu alirudi kazini. Wenye moyo mwepesi na wakae chini. Hakurudi kulipa kisasi wala kuonyesha hazina iliyofukiwa. Alirudi kusogeza madigadi ya baiskeli ya nesi, kiasi cha nusu kidole, kisha akaenda zake.

Enzi za uhai wake marehemu alikuwa fundi baiskeli kwa miaka arobaini, katika chumba kimoja chenye mlango wa bati unaotazama barabara. Alipokufa, aproni yake ilibaki msumarini ikiwa imeshika umbo la tumbo lake, hata mtu aliyeingia ghafla kutoka juani aliiamkia kwanza ndipo akatanabahi. Kikombe chake cha bati kilibaki dirishani. Na binti yake, ambaye humu ataitwa Shangazi kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na mpwa wake, alirithi funguo, spana, na sentensi moja.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Mengine yote utaweza, madigadi bado. Mkono wako haujakomaa."

Aliambiwa hivyo miaka kumi na mmoja. Aliachiwa breki, aliachiwa cheni, aliachiwa hata kunyoosha rimu, kazi inayowatoa machozi wanaume wenye ndevu. Madigadi, hapana. "Breki ikikosewa," mzee alikuwa akisema, "mtu ataanguka mara moja, yataisha. Madigadi yakikosewa yanamtukana fundi kila siku, barabara nzima."

Na ajabu ni kwamba yake mwenyewe yalikuwa upande. Ujanani cheni ilimng'ata kidole cha mwisho kikapinda kama ndoano, naye nafasi kati ya tairi na madigadi aliipima kwa kidole hichohicho. Kwa hiyo kila madigadi aliyofunga yaliinamia kidogo upande wa cheni, kama kofia ya mtu anayejipenda. Watu waliitambua kazi yake toka mbali. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyerukiwa na tope.

Mvua zilipoanza, akaja nesi. Gauni lake jeupe lilikuwa na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi shingoni.

"Dada, nitazame mgongo," alisema. "Jana mgonjwa kaniuliza nani kanikanyaga. Na mgonjwa mwenyewe ni wa macho!"

"Pole. Unataka ya chuma au ya plastiki?"

"Yapi mazuri?"

"Ya chuma yana nguvu, lakini yanashika kutu, na kwenye mashimo yanaimba. Ya plastiki ni mepesi na yananyamaza. Haya membamba usiyaguse, ni mapambo. Madigadi yawe mapana kuliko tairi, kama mwavuli ulivyo mpana kuliko kichwa."

Nesi akachagua ya plastiki, meusi, mapana. Shangazi akaahidi kumwekea na kipande cha mpira chini kwa mbele, maana viatu navyo vina haki zao.

Yalikuwa madigadi yake ya kwanza tangu msiba. Baba yake alikuwa akiipindua baiskeli miguu juu, ikasimama kwa tandiko na usukani. Yeye aliining'iniza kwa kulabu mbili darini, ikiwa wima kama inavyotembea barabarani. Wala hakupima kwa kidole. Alikata kipande cha bomba la mpira, akakibana kati ya tairi na madigadi, akakaza nati, akakivuta kikatoka. Nafasi ikawa sawa kushoto na kulia. Ya mbele yalikaa kama yaliyozaliwa pale.

Pembeni alikaa mpwa wake, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, akisoma kitabu cha fizikia au akikishika tu, mambo mawili ambayo walimu wa zamu hawajawahi kuyatofautisha.

Shangazi alikuwa kwenye madigadi ya nyuma mvua ilipoteremka juu ya bati kwa kishindo. Nje kulikuwa na tairi mpya za maonyesho. Akakaza nati ya mwisho, akatoka mbio, akaziingiza moja moja. Aliporudi akijifuta uso, akasimama wima.

Madigadi ya nyuma yalikuwa yameinama.

"Nani kagusa haya?"

"Mimi niko ukurasa wa arobaini na mbili, Shangazi."

"Nimekuuliza ukurasa?"

Alichuchumaa. Yaliinamia upande wa cheni, kidogo tu, kwa adabu, kama mtu anayetega sikio. Akapitisha kidole. Upande mmoja kilibana, upande wa cheni kikacheza. Nywele zikamsimama. Juu ya meza, kile kipande cha bomba kilikuwa kimelala kikavu. Na msumarini aproni ikatikisika, ingawa upepo, ukiulizwa, ungekubali kosa hilo.

Nesi alipokuja jioni alipiga makofi. "Eh! Kama ya mzee kabisa! Usiyaguse, yaache hivyohivyo." Akaondoka akipiga kengele. Shangazi akabaki mlangoni mpaka lile gauni jeupe likapotea kwenye kona.

Jumatatu akafunga ya karani wa stoo. Akapima kwa bomba mara mbili. Akaenda kununua nati mtaa wa pili, akarudi: yameinama. Alhamisi akafunga ya mwashi. Akaenda msalani, akarudi: yameinama. Na kikombe cha bati, ambacho hakikuwa kimeshuka dirishani tangu msiba, kilikuwa mezani kimejaa chai, kinatoa mvuke.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililotisha zaidi. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kikombe kama mwanafunzi mbele ya mkuu wa shule.

"Baba," alisema polepole, "sasa nimekosea wapi?"

Kikombe kilitoa mvuke mpaka kikachoka.

Tangu siku hiyo hakugusa madigadi tena, hata kuyanyoosha yaliyoinama. Aliziba pancha tu. Chakula alikigeuzageuza. Mtu akikohoa barabarani, aligeuka kuitazama aproni. Usiku wake ulikuwaje hatujui, ila asubuhi macho yake yalikuwa mekundu.

"Miaka kumi na mmoja alinikataza akiwa hai," alimwambia mpwa wake. "Nikasema atakufa na neno lake. Kumbe hata huko aliko ananisahihisha. Mkono sina, mwanangu. Mtu asilazimishe."

Jirani wao, muuza ndoo, alikuwa akikitamani kile chumba siku nyingi. Ijumaa ya wiki iliyofuata alichungulia. "Jirani, ukichoka sema. Ndoo hazina mizimu."

"Njoo kesho asubuhi," Shangazi akajibu. "Nitakupa funguo."

Mpwa aliinua macho kutoka ukurasa wa arobaini na mbili. Mzaha mzaha hutunga usaha, wahenga walisema, na usaha huu sasa ulikuwa na tarehe na saa.

Jumamosi Shangazi alikuwa akizitia spana kwenye gunia, moja moja, kila moja akiifuta kwanza kwa pindo la kanga, mwashi alipoingia akisukuma baiskeli. Kipande chake cha mpira cha mbele kilikuwa kimesahauliwa.

"Dada, nifungie tu hicho nikimbie. Mbona unahama?"

"Acha hapo, nitakufungia. Kanywe chai kwanza."

Mwashi akatoka. Shangazi akainama nyuma ya baiskeli, akakaa pale muda mrefu kuliko kipande cha mpira kinavyohitaji. Akahamia mbele, akarudi tena nyuma.

"Wewe mtoto. Njoo hapa. Haya madigadi yameinamia wapi?"

"Upande... ule pale, Shangazi."

"Una cheni?"

"Hauna."

"Baba yangu miaka arobaini aliinamisha upande wa cheni. Leo kafa ndiyo kahama upande?" Sauti yake ilikuwa laini, na ulaini wake ulikuwa mbaya. "Babu yako ukimtazama akifunga, baiskeli ilikuwa imekaaje?"

"Miguu juu."

"Na kitu kikiwa miguu juu, kulia kwake kunaenda wapi?"

Mpwa akaficha mikono mgongoni.

"Wiki tatu uko ukurasa mmoja wa fizikia, msomi wangu, na hata hilo hukulipata: umeinamisha kama ulivyoona kwenye baiskeli iliyopinduliwa. Lete mikono."

Mikono ililetwa. Chini ya kucha palikuwa na grisi.

Hapa msimulizi, ambaye tangu mwanzo amejificha nyuma ya neno "mpwa" kama mtoto nyuma ya pazia huku miguu ikionekana, anaombwa atoke. Nimetoka. Ni mimi.

"Ya karani ni mimi," nilisema. "Ya mwashi ni mimi. Chai pia, na sukari niliweka, maana babu alipenda sukari. Nisamehe, Shangazi."

Nilingoja kofi. Halikuja. Alikuwa akiitazama aproni.

"Na ya nesi?"

"Ya nesi sikuyagusa."

"Usinichezee tena."

"Wallahi sikuyagusa. Yale yaliinamia upande wa cheni wenyewe, si ndiyo?"

Alikaa juu ya gunia la spana. Nikaona rangi ikimtoka usoni, nikajua siwezi kubakiza hata punje.

"Ni wewe, Shangazi. Mvua ilipokuja, bomba lilikuwa mezani, hukulichukua. Ulikuwa unatazama tairi nje. Ukaingiza kidole cha mwisho, ukakikunja hivi, kama ndoano, ukakaza nati bila kutazama, ukatoka mbio. Nilikuona. Uliporudi ukauliza nani kagusa, nikadhani unatania. Kisha nikaona unauogopa mkono wako mwenyewe. Ikanichekesha. Ndipo nikaendeleza mimi."

"Ulijua tangu siku hiyo?"

"Tangu siku hiyo."

"Ukaniacha niongee na kikombe."

"Nikakuacha."

Aliunyoosha mkono wake wa kulia mbele ya dirisha, taratibu, kama anayevaa glavu ya mtu mwingine. Vidole vinne vilinyooka. Cha mwisho kilijikunja kidogo, peke yake. Sisi wawili tulikiona.

Mlango wa bati ukagongwa. "Hodi! Jirani, funguo!"

"Mwambie aende na ndoo zake," Shangazi alisema bila kugeuka. "Mwambie hapa bado pana fundi."

Nilifika mlangoni, nikasita, nikageuka kuitazama aproni.

"Fundi mmoja, Shangazi, au wawili?"

Na nakiri, kwa mara ya kwanza likizo ile, kwamba sikuuliza kwa mzaha.