Ndoo, Limau, Farasi

Maneno yalikuwa matano: ndoo, limau, farasi, kengele, zulia. Sourbès, daktari wa timu ya raga ya Castelgave, alikuwa mvivu wa kutupwa. Mchezaji akigongwa kichwa, alimwita chumbani, akamtajia maneno yaleyale ya miaka yote, akampigisha soga kidogo, kisha akamtaka ayarudie. Aliyeyakumbuka alirudi uwanjani. Wachezaji nao si wajinga. Waliyatungia wimbo, na kila mgeni wa timu alisimamishwa ndani ya basi auimbe; akikosea, anamwagiwa bia kichwani.

Maylis aliujua wimbo huo kuliko mumewe Rémi, mmoja wa wachezaji hao. Yeye ndiye aliyemkaririsha, jikoni, huku akikaanga bata: yeye anaanza, Rémi anamalizia, na binti yao Aliénor anapiga meza kwa kijiko. Walikuwa wanacheka mpaka machozi yanawatoka. Jamani, walikuwa wanacheka!

Tangu majira ya baridi kicheko kilipungua. Rémi Darricau, mtu wa mstari wa mbele, shingo nene na masikio yaliyokunjamana kwa skramu, ule msukumano wa vichwa na mabega, alianza kuweka funguo ndani ya friji. Siku moja alipotea njia ya kwenda kwa mama yake mzazi. Maylis aliona, akauma meno.

"Usimwambie mtu," Rémi alimsihi. "Mkataba unaisha Juni. Tukipanda daraja, wataniongeza mwaka. Nikikaa nje sasa, ndo basi tena. Mimi nje ya raga ni nani?"

Fainali ikafika. Kipindi cha pili goti la mtu lilimpata Rémi kwenye paji la uso. Akaanguka, mkono mmoja umebaki juu, umekakamaa. Maylis alimwacha mtoto kwa jirani jukwaani, akashuka ngazi mbio. Alipofika kwenye mlango wa daktari, Rémi alikuwa ameketi kitandani, macho mekundu.

"Haya, Rémi," Sourbès akaanza, "nitakutajia maneno mata..."

"Ndoo, limau, farasi, kengele, zulia."

Alijibu kabla ya kuulizwa! Hata mvivu ana siku yake ya kushtuka. Daktari akamgeukia Maylis.

"Wewe unaishi naye. Niambie ukweli. Mumeo yuko sawa?"

Rémi alimtazama mkewe. Jitu lile zima lilikuwa linamwomba kwa macho. Nje watu walikuwa wanaliimba jina lake. Neno moja tu lilitakiwa, na Maylis alikuwa nalo mdomoni.

"Yuko sawa," alisema. "Anakutania tu, daktari. Si unamjua."

Rémi akarudi. Akaingia skramu tatu nyingine, kichwa mbele, na Castelgave wakapanda daraja. Mji ulirukwa na akili. Kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo wenzake walimbeba, wakamshusha, wakamrushia matusi ya mapenzi: "Zee bovu wewe, hufi!" Yeye alitabasamu tu.

Aliénor alichomoka mkononi mwa mama yake, akamkumbatia mguu.

"Baba! Tumeshinda!"

Rémi aliinama taratibu. Alimtazama mtoto, akamtazama Maylis, akamrudia mtoto, kwa upole ule anaowapa mashabiki wadogo wanaotaka saini. Aliénor alidhani ni mchezo wao. Akapiga ukuta kwa kiganja, akaanza:

"Ndoo, limau..."

"Farasi, kengele, zulia!" Rémi akamalizia, uso umemchanua kwa furaha. Maylis akashusha pumzi.

"Umeona?" Rémi alimwambia mtoto, akimshika kidevu. "Nakumbuka yote. Haya, kipenzi, wewe unaitwa nani? Mama yako yuko wapi?"