Kiwavi Huanzia Mkiani

Kiwavi cha kitambaa kilianguka tena, watoto waliokivaa wakamwagika chini yake kama viazi kwenye gunia lililotoboka.

"Kushoto! Kulia!" alifoka mwalimu wa chekechea. "Kikianguka kesho mbele ya wazazi, nitazikwa hai. Kama hakitembei leo, basi, kesho tutaimba tu!"

Fundi cherehani aliyekishona aligeukia mkiani. Mpwa wake, waliyembandika jina Konokono kwa mwendo wake wa pole, hakuwa na sauti hata ya kuitia paka. Mkia wa kiwavi ndio nafasi pekee aliyopata, na nyumba nzima alishaitangazia.

"Konokono ndiye anatuangusha!" alilia aliyekuwa kichwa.

"Nyie ndio mnanivuta!"

"Njoo, mpwa wangu," fundi alimwita. "Tukamwulize mwenye mwendo wake."

Nyuma ya darasa kulikuwa na bustani ya kabichi. Wakalala kifudifudi mbele ya kiwavi mnene wa kijani anayetembea kwenye jani kama mwenye nyumba.

"Mjomba, shati lako jeupe!"

"Nyamaza, mwalimu anafundisha."

Mtoto akakodoa macho. "Mbona hana kushoto kulia? Anainua miguu ya pande zote mbili pamoja. Halafu anaanzia... mkiani!"

Kweli bwana. Miguu ya nyuma kabisa iliinuka, ikatua mbele kidogo. Ikafuata jozi iliyo mbele yake, kisha nyingine, wimbi likapanda mwili mzima. Kichwa kilikuwa cha mwisho kupata habari.

"Kumbe bosi yuko nyuma!" fundi akacheka.

Waliporudi, akawapanga upya, kila mmoja kashika kiuno cha mwenzake. "Konokono anaruka kidogo, miguu pamoja, anamsukuma wa mbele yake. Asiyesukumwa asitikisike."

"Yaani mimi nimsubiri Konokono?" kichwa kikanuna.

"Msubiri. Kazi yako kutabasamu."

Konokono akaruka. Kitambaa kikavimba mkiani, uvimbe ukasafiri mgongoni mpaka mbele, kichwa kikasogea. Akaruka tena. Darasa lilivukwa bila hata goti moja kugusa sakafu, na mwalimu akapiga makofi kama mtoto.

"Safi! Kesho mnatembea! Sasa simameni!"

Kichwa kilisimama. Mkia ukaruka. Wimbi likaja, kichwa kikatolewa nje ya mlango.

"Fundi, mwambie asimame!"

"Mwambie wewe, mwalimu. Mimi mshonaji tu."

Kiwavi kikaingia uwanjani, kicheko kikitokea mkiani.