Banda la Wifi

Wateja walimpa jina la Mkasi kwa sababu alikuwa fundi cherehani, ingawa waliomzoea walisema jina lilimkaa vizuri zaidi kwa sababu ya ulimi wake. Na hakuna aliyeukoma ulimi huo kama wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, mwanamke msanifu majengo ambaye Mkasi hakuwahi kuona jengo lake hata moja.

"Kutwa kucha kaikodolea macho kompyuta," aliwaambia wateja huku akikanyaga cherehani. "Ukimwuliza, anakwambia anasanifu banda. Banda, jamani! Hata kuku wana banda."

Basi Jumamosi moja mdogo wake alipompigia simu na kumsihi aje kumsaidia mkewe kujenga banda la maonyesho kwenye uwanja wa maktaba, maana vibarua walikuwa wameingia mitini, Mkasi alifunga duka mbio mbio. Hakuwa na huruma hata chembe. Alitaka kwenda kuona kichekesho.

Alikuta vipande vya plaiwudi vimelazwa kwenye nyasi uwanja mzima, vyembamba, kila kimoja na namba yake, na hapakuwa na viwili vilivyofanana. Kimoja kama jani, kingine kama sikio la ng'ombe. Pembeni, vipande vya kwanza vilikuwa vimeshaanza kupanda hewani, vikishikiliwa na nguzo za muda.

"Karibu wifi," alisema msanifu, nyusi zimejaa vumbi la mbao. "Kishike hiki. Meno yake yanaingia kwenye meno ya mwenzake."

"Misumari iko wapi?"

"Hakuna msumari wala gundi. Vinabanana vyenyewe."

"Kama ndoa yenu."

Msanifu akacheka mpaka akaegemea nguzo. Mkasi, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, akajikuta anatabasamu.

Wakafanya kazi. Kadiri banda lilivyopanda ndivyo maswali yalivyomwasha Mkasi. "Kwa hiyo hii yote kaichora kompyuta?"

"Mimi naiwekea masharti. Ubao ukipinda kupita hapa unavunjika. Upepo unatoka upande ule. Mtu mrefu apite bila kuinama. Yenyewe inanitolea maumbo, mengine ya ajabu kweli, na mimi nakataa, nakataa, narekebisha. Nimekataa mwaka mzima, wifi. Likipatikana la kukubali, mchoro unakwenda kwenye mashine, mashine inakata."

Mkasi alikigeuza kipande mkononi. Alijua bega la koti linavyopatikana: kitambaa kimelala bapa mezani, ukikikata inavyotakiwa kinageuka kuwa mviringo. Lakini koti lina vipande vya kuhesabika. Huyu mtoto wa watu alikuwa anaishonea koti anga.

Katika kuwaza huko akakigonga kipande kwa nyundo ya mbao, kwa nguvu mno. Kipande kikapasuka katikati, paa!

Akasubiri atukanwe. Yeye mwenyewe angetukana. Msanifu alisoma namba tu, akapiga simu karakana, kisha akamwekea wifi yake chai. Kikombe hakijaisha, pikipiki ikaleta kipande kipya, bado kinanukia mbao iliyounguzwa kidogo na mashine. Kikaingia mahali pake bila kulazimishwa.

Alasiri ukafika wakati wa kuondoa nguzo. Mkuu wa maktaba akauliza kwa wasiwasi, "Una hakika halitaanguka?"

Msanifu hakubishana. Akaingia chini ya banda, akasimama katikati. "Toeni nguzo," akasema. "Litashuka kidogo, litalia, kisha litatulia."

Mumewe na wafanyakazi wa maktaba wakashika nguzo. Nguzo ya kwanza ikatoka, kisha nyingine. Mbao zikaanza kulalamika. Ilipobaki nguzo ya mwisho, Mkasi akajikuta ameshaingia ndani, hajui miguu ilimpeleka saa ngapi. Akamshika wifi yake mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho.

"Kumbe unaogopa!"

"Sana," akanong'ona msanifu. "Toka, wifi."

"Sitoki ng'o. Toeni hiyo nguzo, mnasubiri nini?"

Nguzo ikatoka. Banda likashuka upana wa kidole, likalia mlio mmoja mrefu, likanyamaza. Mwanga ukapenya kwenye nafasi za vipande na kuwamwagikia mabegani. Waliokuwa nje wakapiga makofi, lakini Mkasi hakuwasikiliza. Alikuwa ameinua shingo, machozi yanamtoka bila aibu.

"Wifi," akasema hatimaye, "mimi nilikuwa nakusema vibaya mjini."

"Najua. Wateja wako ni majirani zangu."

Wakacheka wote wawili, bado wameshikana mikono.

"Na litakaa hapa mpaka lini?"

"Maonyesho yakiisha tunalifungua, tunalipakia kwenye lori."

"Mlifungue?" Mkasi akang'aka. "Nani atathubutu? Mwambie aanze na mimi!"