Kompyuta Namba Mbili Ilimkumbuka Nani

Modemu ndiyo iliyolia kwanza. Nilikuwa nyuma ya duka nikinawa uso, nikaisikia ikikoroma, ikipiga mluzi, kisha ikikohoa kama mtu aliyepaliwa na ugoro. Ilipotulia ikafuata sauti ya mwanamke:

"Mwenye Zizi yuko wapi? Atoke nimwone!"

Nikatoka. Naitoi alikuwa amesimama mbele ya kompyuta namba mbili, vumbi la barabara ya Handeni bado limemganda shukani, mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Alikuwa katibu wa kikundi cha josho kule kwao. Zizi ni programu niliyoitunga mimi ya kutunza daftari la mifugo: ng'ombe yupi, wa nani, kaogeshwa lini, kachanjwa lini. Mwaka ule wa 2003 vikundi sita vilikuwa vinaitumia, kuanzia Magoma mpaka Handeni. Maelekezo yake niliyaweka kwenye tovuti, kila toleo na kurasa zake, la kwanza mpaka la tatu. Wafugaji walikuja kuyasoma hapa Korogwe, dukani kwa Nilesh, ambako nilisimamia kompyuta tatu za kukodisha.

"Daftari limefutika," akasema. "Ng'ombe mia tatu na kumi na wawili. Jeupe!"

"Umebonyeza vibaya, dada."

Nilisema hivyo kabla hajafunga mdomo. Sikuzoea kukosolewa.

"Nimebonyeza ulivyoandika." Akaikunjua karatasi aliyoichapisha hapahapa Ijumaa iliyopita. *Kuhifadhi kazi, bonyeza F8.*

Nikaisoma mara mbili. F8 inahifadhi kwenye toleo la tatu. Naitoi anatumia la kwanza, maana kompyuta ya kikundi ni kuukuu, haibebi jingine. Na kwenye la kwanza, F8 inafuta kila kitu na kuanza daftari upya.

"Kwani hukuchagua toleo la kwanza?"

"Nilichagua mwezi uliopita, kwenye kiti hikihiki. Ukaniambia nini?"

Nilikumbuka. Zamani tovuti ilifunguka kwenye toleo jipya tu, naye akalalamika kwamba kila akija anaanza kutafuta kurasa zake upya. Nikahangaika nayo siku mbili mpaka ikaweza kukumbuka chaguo la msomaji. Nikamtangazia mbele ya wateja: chagua mara moja tu, dada, hutaulizwa tena maisha yako yote.

"Inakumbuka," nikasema. "Nimeijaribu mwenyewe."

Nilesh akacheka kutoka kaunta. "Malenga wetu wa kompyuta hakosei. Aliyekosea ni F8."

Naitoi hakucheka. Akavuta kiti akakaa.

"Jumamosi tuna kikao. Siku waliyonipa ukatibu, mzee Nkoitiko alisema mashine itaniumbua. Alimtaka mwanawe, Meshaki. Ng'ombe nawajua wote, kwa rangi zao na kwa mama zao, na tarehe za chanjo nimezibeba, kadi zote hizi hapa. Zinazosahau ni mashine zako. Lakini nani ataniuliza hayo? Watasema mwanamke kafuta daftari, na nitatolewa."

Mama Zamda akaingia na chupa yake ya chai, tukampa shikamoo. Akanimiminia ya maziwa, bila tangawizi, bila kuniuliza. Ana wateja arobaini kutoka stendi mpaka hapa, na sijasikia amempa mtu chai isiyo yake. Kisha akamgeukia Naitoi.

"Na wewe mwanangu, unakunywaje?"

"Mpe kama yangu," nikadakia, nikitaka kumpoza. "Si kakaa kwenye kiti changu?"

"Ebo! Kwani kiti ndicho kinachokunywa?"

Nilesh akaangua kicheko. Mimi kikombe kilinibaki hewani. Alhamisi, siku moja kabla Naitoi hajachapisha, nilikaa kwenye kiti kile nikimwonyesha bwana mifugo mmoja kutoka Mombo lile toleo la tatu. Nikalichagua, nikasifiwa, nikainuka kwa maringo. Tovuti yangu haikumjua Naitoi wala haikunijua mimi. Iliijua kompyuta namba mbili. Nilikuwa nimeandika kana kwamba kila msomaji ana kompyuta yake, na mimi mwenyewe sikuwa nayo.

"Ni mimi," nikasema. "Toleo ulilochapisha nililichagua mimi."

Naitoi akaikunja karatasi yake. "Sasa?"

"Nitajie ng'ombe. Naandika."

Akafungua mfuko wa kadi, akafumba macho. Fahali wa kijivu mwenye pembe moja, wa nani, mama yake nani. Akimaliza ng'ombe mmoja nasoma kadi yake, naandika tarehe. Hakusita popote. Chai yangu ikapoa. Saa tisa alasiri tulikuwa tumefika wa mia tatu na kumi na mbili, nikamwekea daftari lake kwenye disketi.

"Na kikao?" akauliza.

"Nitawaandikia barua wazee."

"Atakayewasomea ni Meshaki."

Nikanyanyuka. "Dada Naitoi," nikasema kwa sauti, Nilesh na mama Zamda wasikie, "kuanzia kesho tovuti itamuuliza kila anayekaa, kabla haijafungua chochote: wewe unatumia toleo gani? Na Jumamosi napanda basi la kwanza la Handeni. Nitasimama mbele ya mzee Nkoitiko na wenzake wote, niwaambie aliyefuta daftari ni mimi."