Mara Tano Hazitoshi

Peizhen alimwona Gu, mpima vifaa wa mtandaoni, tangu akiwa kwenye ngazi, simu ameinyoosha mbele ya uso, anaiongelesha kama anayegombana na shemeji. Miaka kumi na tisa Peizhen alikuwa akiuza vibao vya saketi vya kupunguza volti ghorofa ya pili ya soko la elektroniki la Huaqiangbei, katika kibanda chembamba kama mlango. Watu wa aina ya Gu aliwajua: kalamu mfukoni, mikono laini, midomo haina likizo.

"Watazamaji wangu," Gu aliiambia simu, "leo tunapima takataka za sokoni."

Hakuomba ruhusa. Alichukua kibao kimoja, akakiunga kwenye umeme wa volti ishirini na nne uliokuwa mezani, akaweka mita upande wa kutokea. Ikasoma ishirini na tatu. Akazungusha skrubu ya volti mara tatu. Ishirini na tatu. Mara mbili tena. Palepale.

"Mnaona? Kimekufa. Mama, unauza maiti?"

Peizhen alimaliza kwanza kutafuna tambi zake. "Mwalimu," alisema, akilitamka neno hilo jinsi wengine wanavyotamka mlevi, "umezungusha mara ngapi?"

"Tano."

"Skrubu hiyo inataka hata ishirini. Au mkono umechoka?"

Muuza taa wa kibanda cha pili akacheka waziwazi. Peizhen akachukua bisibisi, akazungusha huku macho yakiwa kwa Gu. Mita ikaanza kushuka: ishirini, kumi na sita, kumi na mbili. Akaigeukia skrubu ya pili, ya kuwekea kikomo cha ampea, akaipunguza sana, kisha akaunganisha moja kwa moja nyaya mbili za kutokea kupitia mita. Gu akaruka nyuma, akitarajia shoti. Hapakulipuka kitu. Taa ndogo nyekundu iliwaka, na mita ikatulia kwenye ampea tatu.

"Ukiomba zaidi, kinakunyima. Hukufundishwa hilo huko ulikosomea?"

Shingo ya Gu ilikuwa imeiva kwa haya. "Kwenye kibao pameandikwa ampea nane," alisema. "Ipandishe hadi nane."

Peizhen akaunga taa za gari ili zile umeme mwingi, akapandisha. Dakika ya tatu bati la kupozea likaanza kunuka. Akachomoa waya.

"Nane ni ya kwenye karatasi," alisema. "Soko zima tunachapisha hivyo. Anayeniuliza namwambia tano." Na wasiomuuliza je? Hilo lilimchoma kidogo, akalimeza.

Gu alitaka kushangilia, lakini maandishi ya watazamaji yalikuwa yakipita kwenye simu, na hayakuwa upande wake. Akasoma moja kwa shingo upande: "Wa Chengdu anasema, mwambie mama atuonyeshe kuchaji betri ya baiskeli ya umeme."

"Basi shika simu vizuri," Peizhen alisema, "na usinizibie mwanga."

Aliwafundisha karibu saa nzima. Gu alikuwa akihamisha simu mkono hadi mkono, na chini ya meza kulikuwa na kigoda kitupu. Peizhen hakumpa.