Wiki Sabini na Moja

Kwenye korido ya ghorofa ya pili Profesa hakuitwa kwa jina lake. Mbele yake watu waliitikia "ndiyo, Profesa", lakini akishapita wakamwita Kufuli. Na walikuwa na haki. Kabati lake la mafaili lilikuwa na kufuli mbili, droo yake moja, na kompyuta yake ilikuwa na neno la siri alilolibadilisha kila Jumatatu na kulisahau kila Jumanne. Data yote ya utafiti wake wa miaka minne aliivaa shingoni, ndani ya flashi nyekundu iliyoning'inia kwenye kamba. Akienda chooni alikwenda nayo. Akila, aliitumbukiza ndani ya shati isije ikadondokewa na mchuzi.

Kila namba iliyokuwa ndani ya flashi ile iliingizwa na Mama Kijino, karani wake wa data. Jina hilo alilipata kwa mwanawe, aliyeota jino kabla hata hajajua kukaa. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba kuuliza akina mama wenye watoto waliotimiza miaka miwili walinyonyesha kwa wiki ngapi. Walirudi na madodoso yenye vumbi na madoa ya chai, naye akayageuza kuwa namba, safu kwa safu, kwenye chumba kisicho na dirisha. Majina ya akina mama aliyaondoa, akaweka nambari za siri. Jioni alikwenda darasani kusomea stashahada yake.

Kuna majibu hayakuwa namba. Mama hakukutwa nyumbani, mama kakataa kujibu, na mengine ambayo mhojaji aliyaandika kwa mkono uliopinda. Mama Kijino alimwuliza Profesa ayaandikeje. Profesa alikuwa anasahihisha hotuba yake ya redio, akamwambia, "Binti, hayo ni mambo madogo. Tafuta namba yoyote uweke." Basi akatafuta. Alinunua daftari la miraba, akaandika kwa kalamu ya bluu kila namba na maana yake, kurasa kumi na mbili. Mara tatu alimpelekea Profesa, na mara tatu Profesa akaliwekea kikombe chake cha kahawa juu.

Makala ilipotoka, mwishoni kabisa paliandikwa kwa herufi ndogo: data inapatikana kwa maombi. Kichekesho cha mwaka. Maombi yalikuja kwelikweli, kutoka vyuo vingine, kutoka kwa wanafunzi, kutoka kwa ofisi za afya. Profesa aliagiza yote yatiwe kwenye folda moja ya barua pepe aliyoipa jina "Baadaye". Humo ndani mlikuwa na maombi sitini na mawili. Hakuna hata moja lililojibiwa, labda kwa sababu baadaye ilikuwa bado.

Saba kati ya hayo yalitoka kwa mtu mmoja, nesi wa chumba cha kunyonyesha katika zahanati ya mtaa wa chini. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye viatu vya mpira vinavyolia akitembea. Mama Kijino alimjua vizuri. Mwaka uliotangulia, mwanawe alipokataa kabisa kunyonya na mama mkwe akaanza kunong'ona kwamba maziwa ya karani ni maziwa ya kompyuta, ni nesi huyu aliyekaa naye siku tatu kwenye kiti cha plastiki, akimgeuza mtoto hivi na hivi mpaka akashika titi. Siku ya nne Kijino alinyonya kama mtu anayedai haki yake.

Jumatatu moja asubuhi nesi alikuja mwenyewe, viatu vikilia korido nzima. Alikuwa na barua mkononi. Chumba cha kunyonyesha kitafungwa mwisho wa mwezi, kwa kuwa utafiti wa chuo umethibitisha kwamba akina mama wa mtaa wa chini hawahitaji msaada. Jedwali la Profesa liliambatanishwa nyuma.

"Nisomee, mwanangu," nesi alisema. "Mimi nimesoma mara tano, naona kama nachekwa."

Mama Kijino hakuwahi kuonyeshwa makala ile. Kufuli hakuwapa makarani kazi zake wasome, akidai zitawachanganya. Sasa alisoma. Akina mama wa mtaa wa juu, wiki thelathini na nane. Wa mtaa wa kati, wiki arobaini na tatu. Wa mtaa wa chini, wiki sabini na moja. Chini ya jedwali Profesa alijaza nusu ukurasa kueleza muujiza huo, akausifu "moyo wa asili wa mama maskini", ambaye, kwa maoni yake, humnyonyesha mwanawe kwa furaha bila kushurutishwa wala kufundishwa na yeyote. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga mtaa wa chini. Aliuona kwenye ramani.

"Sabini na moja," nesi alirudia. "Nusu yao wanaingia kiwandani mtoto akiwa na miezi mitatu. Wananyonyesha kwa simu?"

Mama Kijino hakucheka. Alikuwa amekumbuka madodoso ya mtaa wa chini, jinsi wahojaji walivyorudi wakinung'unika kwamba wamegonga milango mpaka vidole vikauma. Alivuta droo, akatoa daftari la miraba lenye maduara ya kahawa kwenye jalada, akafungua ukurasa wa tatu.

99: mama hakukutwa nyumbani.

Alifungua jedwali lake la namba akahesabu. Nyumba mia moja na arobaini za mtaa wa chini. Themanini na tatu kati yake zilikuwa na tisini na tisa. Profesa, msomi wa ng'ambo na nyumbani, alijifungia siku tatu peke yake na flashi yake asije mtu akamwibia ugunduzi, akabonyeza kitufe cha wastani, na kila mlango uliogongwa bila kuitikiwa akauhesabu kuwa mama aliyenyonyesha wiki tisini na tisa. Laiti angemwonyesha mtu mmoja tu. Hata mfagizi angemwuliza kwa nini akina mama wengi hivyo wameachisha wiki ileile.

Kulikuwa na namba nyingine chini ya ile, na hapo kidole cha Mama Kijino kilisimama kwa muda. Hakumwambia nesi. Aliziondoa zote mbili akahesabu upya. Wastani halisi ulikuwa wiki ishirini.

Angeweza kumpa nesi daftari palepale aondoke nalo. Lakini karatasi iliyotolewa mlango wa nyuma ingeitwa ya wizi, na nesi angeambiwa hajui takwimu. Tena mkataba wa karani uliisha mwezi huohuo, na mwenye kalamu ya kuuongeza alikuwa Kufuli. Akamsindikiza nesi mpaka kwenye ngazi, akamwambia, "Sista, leta ombi la nane. Ila usilete hapa. Njoo maktaba Alhamisi."

Kwa maana Alhamisi ilikuwa siku ya sherehe. Chuo kilikuwa kinazindua, hapo maktabani, ghala la data, mahali ambapo kila mtafiti angeweka data yake ili wengine waitumie. Utepe ulishanunuliwa, Makamu Mkuu alishaandika hotuba kuhusu uwazi, na wageni walishaalikwa, akiwemo afisa wa afya aliyesaini barua ya kufunga chumba. Kilichokosekana ni data. Wasomi wote wa chuo walilisifu ghala, wakaunda kamati ya kulisifu zaidi, na hakuna aliyeweka hata safu moja. Mkutubi mkuu, ambaye chuo kizima kilimwita Shangazi, alizunguka ofisi kwa ofisi kama mtu anayekusanya vyombo vya shughuli, akirudi na ahadi tupu.

Jumanne Makamu Mkuu alimpigia Profesa simu. Hakuna aliyesikia alichosema, lakini Profesa aliitikia mara nyingi akiwa amesimama. Alipokata simu alimwita karani wake, akaivua ile flashi shingoni taratibu, kama mtu anayevua meno ya bandia hadharani.

"Binti, wapelekee namba," alisema. "Maana ya namba usiwape. Wakae nazo wazitazame."

Mama Kijino alimweleza kwamba Shangazi hapokei data isiyo na maelezo, na kwamba fomu ina swali hilo: je, maelezo ya alama zote yameambatanishwa? Profesa alishusha pumzi. Watu wadogo na fomu zao.

"Tia tiki kwenye ndiyo. Ambatanisha karatasi yoyote ile uliyonayo."

"Yoyote, Profesa?"

"Yoyote. Nani atasoma?"

Akatii. Jambo hilo baadaye alilirudia kwa Shangazi na kwa mama mkwe, na kila mara alilisema bila kupepesa macho. Alipiga picha kurasa zote kumi na mbili za daftari, maduara ya kahawa yakiwemo, akaziambatanisha. Alihakikisha hakuna jina la mama hata mmoja lililobaki. Kisha akampelekea Profesa fomu, na maelezo yote nyuma yake yakiwa yamechapishwa na kubanwa kwa pini. Profesa alisaini ukurasa wa kwanza bila kuufunua wa pili. Hakuwa mtu wa kusoma kitu kilichoandikwa na aliye chini yake, na chini yake, kwa hesabu zake, walikuwa watu wote.

Alhamisi saa nne utepe ulikatwa. Walikuwa wameufunga kwenye kompyuta, kwa kuwa ghala lenyewe halishikiki. Makamu Mkuu aliongea nusu saa juu ya uwazi akisoma karatasi aliyoificha kwa mkono. Profesa alikaa mstari wa mbele, shingo tupu, akitabasamu kama mfadhili. Shangazi akabonyeza, na kwenye ukuta ikatokea data pekee iliyomo ndani ya ghala. Akabonyeza tena kuonyesha jinsi maelezo yanavyofunguka, akaenda mpaka ukurasa wa tatu, mwandiko wa bluu ukawa mkubwa kama tangazo la barabarani.

Viatu vya mpira vililia. Nesi alikuwa amesimama.

"Naomba kuelekezwa, maana mimi si msomi," alisema. "Hapo pameandikwa tisini na tisa ni mama hakukutwa. Huku kwenye safu za mtaa wangu naona hizo tisini na tisa ziko themanini na tatu. Hao ndio walionyonyesha sana?"

Afisa wa afya alitoa jedwali kwenye mkoba, akatazama ukuta, akatazama jedwali, kisha akamtazama Profesa. Profesa alisema kuna hitilafu ya karani. Shangazi, aliyekuwa amebakiza miezi miwili astaafu na asiyeogopa kitu, aliuliza kwa upole kama saini iliyo kwenye fomu nayo ni ya karani. Akaionyesha ukutani.

Afisa hakufanya makuu. Aliinama akamwambia nesi chumba kisifungwe, barua nyingine itaandikwa, na chuo kihesabu upya kabla ya mwisho wa mwezi.

Mchana Profesa alimwita Mama Kijino. Mkataba wake ulikuwa mezani, haujasainiwa wala haujachanwa. Hakumwambia aketi. Alisema kwamba hesabu itarudiwa, na kwamba yeye ana kazi nyingi, na kwamba kwa hiyo lingefaa lile daftari liletwe. Mama Kijino alijibu kwamba liko kwenye ghala, wazi kwa kila mtu, Profesa akiwemo.

Kufuli alilitafuta mwenyewe. Alikosea neno la siri mara mbili. Alipofika ukurasa wa tatu alisoma midomo ikitembea, akanyoosha kidole kwenye mstari wa chini ambapo maandishi yalikuwa yameingiwa na duara la kahawa.

"Na themanini na nane ni nini? Hapa hapasomeki."

"Ni mtoto amefariki," alisema Mama Kijino. "Wako tisa mtaa wa chini. Uliwaandika wamenyonya wiki themanini na nane."

Profesa alikitazama kikombe chake. Mama Kijino akasema atakuwa chumbani kwake akianza kuhesabu, mkataba ukiwepo au usipokuwepo, ila saa tisa ataomba ruhusa, maana Kijino yuko kwa nesi na ni saa yake ya kunyonya.