Maumivu Aliyosingiziwa Ngosha

Masalu na Ngosha walikuwa wapakiaji katika kiwanda cha mafuta ya pamba kule Nyakato. Wote wawili walipasuliwa ngiri ya kinena mwezi mmoja, na daktari mmoja. Baada ya wiki sita Ngosha alirudi kazini. Masalu naye alirudi, ila hakurudi mzima.

Kidonda kilifunga vizuri. Kilichobaki kilikuwa ndani, moto mwembamba ulioshuka kutoka kinenani hadi pajani kila suruali ilipogusa pale. Hakumwambia mtu isipokuwa mkewe, Bernadeta. Aliona aibu kusimulia habari za kinena.

Lakini kumtazama Ngosha kulimuuma zaidi. Ngosha alibeba gunia huku akipiga mluzi. Jumapili alicheza mpira. Masalu alimtangulia kazini kwa miaka minne, tena ndiye aliyemshawishi aende hospitali! Siku Bernadeta aliposema, "Ngosha kanawiri siku hizi," Masalu alisukuma sahani pembeni, akaacha ugali na sato vipoe.

Kisha Suresh, mwenye kiwanda, akatangaza kwamba anatafuta kiongozi wa zamu. Watu wote walimtaja Ngosha. Masalu alikwenda ofisini peke yake.

"Bosi, Ngosha anaficha," alisema. "Pale walipompasua panawaka kama pametiwa pilipili. Suruali ikigusa tu, anauma meno. Akiinuka kwenye kiti lazima ashike ukuta. Mizigo itamuua."

Suresh aliamini, maana maneno yale yalisemwa kama na mtu aliyeona mambo hayo kwa macho yake. Kesho yake alimzuia Ngosha kubeba mizigo na kumwandikia barua akachunguzwe hospitali. Zamu akapewa Masalu.

Siku ya nne, jioni, Ngosha alifika nyumbani kwa Masalu, Igoma. Alimsalimu Bernadeta, akaketi.

"Daktari kanikagua, sina kitu," alisema. "Ila alinisomea barua ya bosi. Pilipili, suruali, kushika ukuta. Nikawaza, haya maumivu ni ya nani? Nikakumbuka wewe unavyoinuka."

Masalu alitazama sakafu.

"Nimekuombea nafasi kwa daktari Alhamisi. Anasema yanatibika."

"Na bosi?"

"Kwa bosi utakwenda mwenyewe, kaka. Mimi nimekuja kwa ajili ya Alhamisi."

Masalu alitamani atukanwe. Kumbe hata moyo mzuri Ngosha alikuwa nao, na hilo pia alimwonea wivu.

Alhamisi, hospitalini, Daktari Rebeka alimbonyeza taratibu mpaka akapata mahali penyewe. "Mshipa wa fahamu umenasa kwenye kovu," alisema. "Tunapopasua tunajitahidi kuilinda hiyo mishipa, lakini kwa watu wachache hutokea hata kazi ikienda vizuri. Umevumilia miezi minane kwa nini?"



Alichomwa sindano ya ganzi palepale. Baada ya dakika kumi akaambiwa asimame, akasimama bila kushika kitu. Machozi yalimtoka, akageukia dirishani. Jioni ganzi iliisha na moto ukarudi, lakini sasa chanzo kilijulikana. Alichomwa sindano nyingine mbili, nafuu yake haikudumu, kisha akapasuliwa tena na ule mshipa ukakatwa.

Kabla ya kulazwa alikwenda kwa Suresh, akasema yote. Zamu akapewa Ngosha, naye Masalu akahamishiwa kwenye mizani.

Leo analala vizuri. Sehemu ya paja imebaki na ganzi, na siku za baridi huhisi kitu kama mwiba, basi. Anakula chakula cha mchana na Ngosha. Lakini Ngosha akitupa gunia begani na kuondoka akipiga mluzi, Masalu bado humfuata kwa macho mpaka apotee nyuma ya lori. Alimweleza Bernadeta jambo hilo. Bernadeta alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai.